Mkono juu, chali au kifudifudi: mkao wa mgonjwa wakati wa mionzi ya titi

SWALI: Nina umri wa miaka 48 na ninaishi Tanga. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto. Uvimbe wa saratani uliondolewa pamoja na tezi za kwapani, titi lenyewe likabaki. Nimepangiwa kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, na nimeambiwa kwamba nitalala chali, mkono wa kushoto ukiwa juu ya kichwa, bila kutikisika. Mkono wenyewe haufiki hata usawa wa sikio. Jirani yangu alitibiwa ugonjwa huu huu akiwa amelala kifudifudi, na binamu yangu aliyetibiwa India aliambiwa avute pumzi na kuizuia. Je, ni nani kati yetu aliyepewa mkao usio sahihi? Nikikohoa au nikipumua kwa nguvu mashine ikiwa inafanya kazi, mionzi haitaingia kwenye moyo? Tena nimesikia kwamba mgonjwa huchanjwa alama za kudumu mwilini, jambo ambalo dini yangu inanikataza.

JIBU: Pole sana, dada yangu, kwa upasuaji na kwa mawazo ambayo inaonekana yamekunyima usingizi. Nianze na lile la kwanza: kwa maelezo uliyonipa, sioni yeyote kati yenu watatu aliyelazwa vibaya. Mimi si daktari. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa ya chumba cha mashine, yaani kumpandisha mgonjwa mezani, kumweka sawa na kuhakikisha kwamba leo amelala kama alivyolala jana. Daktari bingwa wa saratani ndiye anayeamua ni sehemu gani itibiwe na kwa dozi gani, mwanafizikia wa tiba hufanya hesabu, na sisi ndio tunaoutoa mpango ule kwenye kompyuta na kuutekeleza juu ya mwili wa mtu aliye hai, anayepumua, mwenye bega linalouma. Nitakujibu kutoka upande huo, na yale yanayohitaji uamuzi wa daktari wako nitakurudisha kwake.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha ni kwamba mkao hauchaguliwi siku ya kuanza mionzi. Huchaguliwa siku kadhaa kabla, siku ambayo wengi wetu huiita siku ya kupangwa, na siku hiyo hupigwi mionzi ya kutibu. Unalazwa kwenye meza ya mashine ya CT, mkao unatafutwa, waya mwembamba unaoonekana kwenye picha unaweza kuzungushwa kandokando ya titi na kuwekwa juu ya kovu, kisha kifua kinapigwa picha kipande kwa kipande. Juu ya picha hizo daktari huchora mipaka ya titi, moyo na mapafu, na mwanafizikia hupanga miale ipite wapi. Tangu hapo hesabu yote huchukulia kwamba umelala vile vile ulivyolala siku hiyo: mgongo kwenye pembe ile ile, mkono pale pale, kidevu upande ule ule. Ukilala tofauti, mashine haina habari. Itapeleka miale pale ilipoelekezwa, na kumbe mwili ndio uliohama.

Kwa sababu hiyo makosa ya mkao yako ya aina mbili, na uzito wake haufanani. Siku moja unaweza kulala milimita tatu kushoto zaidi, siku nyingine milimita mbili kulia. Makosa madogo ya namna hiyo hutawanyika pande zote, na mpango huachiwa nafasi ya ziada kuzunguka titi kwa ajili yake. Aina ya pili ndiyo inayotusumbua. Siku ya kupangwa mgonjwa anauma meno, anavumilia bega ili picha ziishe haraka arudi nyumbani, amekaza shingo na mgongo bila hata kujijua. Picha zile zinahifadhi mwili ambao hautaonekana tena. Siku ya kwanza ya matibabu misuli imelegea, bega limeshuka, titi limefuata bega, na tofauti hiyo inajirudia kila siku kwa upande ule ule, kwa hiyo hakuna siku nyingine itakayoifidia. Uvumilivu ni jambo jema mahali pengi, lakini juu ya meza ya kupangia huleta hasara. Mkao wenye kasoro kidogo ambao unaweza kuurudia bila kutoka jasho unatufaa kuliko mkao mzuri ambao utaufikia mara moja tu.

Suala hili limeongezeka uzito katika miaka ya karibuni kwa sababu idadi ya mahudhurio inapungua. Zamani mpango wa kawaida ulikuwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika mahudhurio 25, yaani wiki tano. Baadaye tafiti za Uingereza zilionyesha kwamba grei 40 katika mahudhurio 15 hufanya kazi ile ile, na mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya utafiti mwingine wa huko huko wa grei 26 katika mahudhurio matano tu, wiki moja basi. Kwa mgonjwa anayelazimika kupanga chumba mjini, tofauti hiyo ni kubwa sana. Lakini mahudhurio yakiwa 25, hudhurio moja hubeba sehemu moja ya 25 ya dozi yote. Yakiwa matano, moja hubeba sehemu ya tano nzima, na kosa la siku moja halina tena siku nyingi za kulipunguza makali.

Sasa tuje kwenye mkono wako. Mwale wa titi haupigwi kutoka mbele moja kwa moja, kwani ungepenya hadi kwenye pafu na moyo. Hupigwa miale miwili inayokabiliana kwa mshazari, mmoja ukitokea karibu na mfupa wa kidari na mwingine ubavuni chini ya kwapa, yote miwili ikipita kandokando ya ukuta wa kifua kama kisu kinachokata shavu la embe bila kuingia kwenye kokwa. Kipande chembamba cha pafu huingia njiani, mara nyingi upana wa sentimita moja hadi tatu, na hilo hukubaliwa. Mwale wa ubavuni ndio unaoudai mkono uondoke: mkono ukibaki chini, utakuwa umekaa kwenye njia yake. Zaidi ya hayo, mkono ukiwa juu ngozi ya kwapani hunyooka, mikunjo hupungua, na titi huvutika kidogo likakaa mahali panapotabirika.

Utaona pia kwamba hulazwi juu ya meza tupu. Chini ya mgongo huwekwa ubao unaoweza kuinuliwa kwa pembe mbalimbali, wenye sehemu ya kukalishia kichwa, vikombe vya kuegemeza mkono na kiwiko, na kizuizi kidogo chini ya makalio ili usiteleze kuelekea miguuni. Magoti hupewa mto ili kiuno kipumzike. Mtu akilala chali bapa, kifua chake huteremka kuelekea shingoni na titi hufuata mteremko huo, hivyo ubao huinuliwa hadi mfupa wa kidari ukaribie kulala sawa na meza. Hauinuliwi sana, kwa sababu mbili. Titi kubwa likishuka mno hukunjika juu ya tumbo, na ngozi ndani ya mkunjo ule, iliyo na jasho na msuguano, ndiyo hubabuka mapema kuliko pengine popote. Sababu ya pili ni ya kifundi tu: tundu la mashine ya CT ya kawaida lina kipenyo cha sentimita 70 hivi, na mgonjwa aliyeinuliwa sana, kiwiko kikiwa kimetanuka, hapiti. Nimewahi kuona mkao mzuri kabisa ukivunjwa na kuanzwa upya kwa sababu ya kiwiko kilichogonga ukingo.

Kila kipimo cha mkao wako kitaandikwa: pembe ya ubao, tundu namba ngapi la egemeo la mkono, mto upi wa kichwa, kidevu kimeelekea wapi. Aghalabu hupigwa na picha ya kawaida ya mkao wenyewe iwekwe kwenye faili. Ukishuhudia siku ya matibabu wahudumu wawili wakisomeana namba kama wahasibu wanaokagua daftari, usidhani wameusahau ugonjwa wako. Wanaujenga upya mwili wa siku ya kupangwa.

Siku ya matibabu yenyewe sehemu kubwa ya muda wako chumbani, pengine dakika 10 hadi 20, huishia kwenye kuwekwa sawa, na mionzi yenyewe ni sehemu ndogo tu. Kutoka kwenye kuta na dari hutoka mistari myembamba ya mwanga wa leza inayokutana mwilini mwako. Mwanga huo hautibu wala hauunguzi. Ni kama uzi wa fundi mwashi. Sisi tunasogeza meza na mwili mpaka mistari ile ipite juu ya alama zako. Hapa nina ombi moja ambalo karibu kila mgonjwa mwenye adabu zake hulikosea: usitusaidie. Ukisikia tunasema “kidogo kulia”, usijisogeze kulia. Mtu akijisogeza mwenyewe hukaza misuli, hujipinda kiunoni, na akilegea hurudi nusu ya njia. Acha uzito wako wote ubaki mezani, nasi tutakuvuta kwa shuka iliyo chini yako au kukusukuma taratibu kwa mikono. Siku za mwanzo, na baada ya hapo kwa kawaida mara moja kwa wiki au zaidi kutegemea hospitali, mashine hupiga picha ya kuhakiki ili mbavu zako zilinganishwe na picha za mpango; tofauti ikizidi milimita tano hivi, kwa kawaida tunarekebisha kabla ya kuendelea.

Kuhusu kupumua, ondoa hofu kabisa. Pumzi ya kawaida ya mtu aliyelala ametulia huusogeza ukuta wa kifua kwa milimita chache tu, na mpango umeandaliwa ukijua hivyo. Hatutarajii ulale kama sanamu. Tunatarajia upumue kwa utulivu uleule uliopumua nao siku ya kupangwa. Mgonjwa anayejaribu kupumua kidogo kidogo kwa woga hutupa shida kuliko anayepumua kwa kawaida yake, kwa sababu baada ya dakika mbili huishiwa na kuvuta pumzi moja ndefu inayoinua kifua chote. Ukikohoa mara moja, mwili husogea kwa sekunde moja na kurudi, na sehemu hiyo ya dozi ni ndogo mno. Ukihisi kikohozi kinakuja mfululizo, au pua inawasha usiweze kustahimili, sema. Tuko nje ya chumba lakini tunakuona kwa kamera na kukusikia kwa kipaza sauti, na mionzi husimamishwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, kisha tunaingia, tunakuweka sawa na kuendelea pale tulipoishia. Usipunge mkono kutuita. Huo mkono ni sehemu ya mkao. Tumia sauti.

Moyo ni suala jingine, na hapo umeuliza swali la maana zaidi kuliko unavyodhani. Titi la kushoto limekaa mbele ya moyo, na kwa baadhi ya wanawake kipande cha mbele cha moyo huingia ndani ya njia ya miale. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliowahi kupigwa mionzi ya titi, ukaonyesha kwamba hatari ya matatizo makubwa ya mishipa ya moyo huongezeka kwa asilimia 7.4 kwa kila grei moja ya wastani inayoufikia moyo, na kwamba hatari hiyo huanza kuonekana ndani ya miaka mitano na kuendelea kwa miaka 20 na zaidi. Usitishike na asilimia hiyo: ni nyongeza juu ya hatari aliyokuwa nayo mtu tangu mwanzo, na kwa mwanamke asiye na presha, kisukari wala uvutaji wa sigara hatari hiyo ya mwanzo ni ndogo. Lakini utafiti ule ulitufundisha kwamba hakuna kiwango ambacho chini yake moyo haujali, na ndiyo sababu tunahangaika kuuepusha hata na kile kidogo.

Mojawapo ya mbinu hizo ndiyo aliyofanyiwa binamu yako. Mtu akivuta pumzi ndefu, mapafu hujaa hewa, diaframu, yaani msuli ulio chini ya mapafu, hushuka na kuuvuta moyo chini na nyuma, huku ukuta wa kifua ukienda mbele. Pengo hufunguka kati ya titi na moyo, na miale hupita juu ya pengo hilo. Mgonjwa huzuia pumzi kwa sekunde 20 hivi, mashine hufanya kazi ndani ya muda huo, kisha hupumua, hupumzika, na kurudia. Wako wanaotumia kifaa cha mdomoni kinachofunga hewa, wako wanaotumia kamera inayofuatilia kifua, na wako wanaotumia maelekezo ya sauti na alama za ngozi pekee. Utafiti wa Uingereza uliolinganisha njia ya hiari na ya kifaa uliona kwamba zote mbili zinalinda moyo kwa kiwango kinachokaribiana. Si kila hospitali ina utaratibu huo, na si kila mgonjwa wa titi la kushoto anauhitaji, kwani kuna wenye moyo uliokaa mbali kiasi kwamba pumzi ya kawaida inatosha. Muulize daktari wako swali hili moja: “Kwenye picha zangu za CT, moyo umeingia ndani ya miale kwa kiasi gani, na mtaulinda kwa njia ipi?” Hilo ni swali lenye jibu. Wakikuambia kwamba utazuia pumzi, anza kufanya mazoezi nyumbani ukiwa umelala chali: vuta pumzi kwa kifua bila kuinua mgongo, hesabu hadi 20, achia. Wengi hukosea kwa kupinda mgongo ili kifua kionekane kimepanda.

Jirani yako, kwa upande wake, alilazwa kifudifudi juu ya ubao wenye uwazi, titi likaning'inia chini kupitia uwazi huo. Mkao huu hupendelewa kwa wanawake wenye matiti makubwa au yaliyolegea: titi hujitenga na kifua, mkunjo wa chini hufunguka, na pafu hupata mionzi kidogo mno. Upungufu wake ni kwamba moyo nao, kwa uzito wake, huteremka mbele kuelekea ukuta wa kifua, hivyo kwa titi la kushoto faida hutofautiana kati ya mtu na mtu. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliowahusu wanawake wenye matiti makubwa ya kushoto, ulikuta kwamba kulala chali na kuzuia pumzi kuliulinda moyo vyema kuliko kulala kifudifudi, na tena mkao ule wa chali ulirudiwa kwa usahihi zaidi. Nami kwa uzoefu wangu naona kifudifudi ni mkao mgumu kwa mwenye kitambi, mwenye maumivu ya shingo, au mtu mzima ambaye hata kupanda tu kwenye ubao ni kazi.

Kwako wewe lipo jambo jingine linaloelekea kuufunga mlango wa kifudifudi. Umeondolewa tezi za kwapani. Ikiwa majibu ya maabara yameonyesha saratani ndani ya tezi hizo, daktari anaweza kuamua kwamba eneo la juu ya mtulinga nalo lipigwe mionzi, na eneo hilo ni gumu kulifikia mtu akiwa amelala kifudifudi. Kwa hiyo utalala chali, na kidevu kitageuzwa upande wa kulia ili koo na taya viondoke njiani. Miale ya juu na miale ya titi hukutana kwenye mstari mmoja chini ya mtulinga. Ikipishana, kipande cha mwili hupata dozi mara mbili. Ikiachana, kipande hukosa. Historia imetuachia funzo chungu hapo. Uingereza, katika miaka ya 1980, baadhi ya wanawake waliotibiwa mionzi ya titi na kwapa walipata madhara ya kudumu ya mishipa ya fahamu ya mkono, ganzi, maumivu na hata kupooza, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 na chuo cha madaktari wa radiolojia cha nchi hiyo uliyahusisha madhara hayo na kumbadilisha mgonjwa mkao kati ya mwale mmoja na mwingine, kwa kuwa mipaka ya miale ilipishana mwili uliposogezwa. Siku hizi maeneo yote hutibiwa bila mgonjwa kuinuka wala kushusha mkono. Wagonjwa huniuliza kwa nini hatuwaruhusu wapumzishe mkono hata nusu dakika kati ya mwale na mwale. Sababu ni hiyo.

Muda wa kulala hutegemea pia aina ya mashine. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam ambako wagonjwa wengi wa Tanga hupelekwa, ilitumia mashine za kobalti kwa miaka mingi kabla ya kupata zile za LINAC mwaka 2018. Kobalti-60 ni madini yanayopungua nguvu yenyewe: kila baada ya miaka mitano na miezi michache nguvu yake hubaki nusu, na mwale uliokuwa ukichukua dakika mbili huchukua nne ili kutoa dozi ile ile. Mashine ya LINAC hutengeneza mionzi kwa umeme, hivyo haichakai kwa namna hiyo. Ukipangiwa kobalti yenye umri, matibabu yako hayawi dhaifu, ila mkono wako utakaa juu kwa muda mrefu zaidi, na kuzuia pumzi kwa sekunde 20 hakuwezi kufaa pale ambapo mwale mmoja unachukua dakika kadhaa. Hapo moyo hulindwa kwa njia nyingine, kama kubadili pembe za miale au kuweka kizuizi cha madini ya risasi mbele ya moyo, iwapo mahali ulipokuwa uvimbe panaruhusu.

Alama za mwilini zisikutie unyonge. Kwa kawaida huwa ni nukta tatu, moja katikati ya kifua na mbili ubavuni, kila moja ndogo kama kichwa cha pini, zikichomwa kwa sindano na wino. Kwenye ngozi nyeusi nukta hizo wakati mwingine huwa shida kwetu wenyewe kuziona, na tunaweza kuzitafuta muda mrefu kati ya vipele na makovu madogo. Sina elimu ya kutoa fatuwa, nawe utamuuliza sheikh unayemwamini, lakini kwa upande wa kazi nakuhakikishia kwamba zisizo za kudumu zinawezekana: alama huchorwa kwa kalamu maalumu na kufunikwa kwa plasta inayoonyesha, kisha hukaguliwa na kuchorwa upya kila zinapofifia. Sharti ni kwamba useme mapema, kabla ya siku ya kupangwa, na kwamba ujitunze wakati wa kuoga. Tena, zikififia ukiwa nyumbani, usizichore upya wewe mwenyewe, wala usimwombe binti yako azikoleze kwa piko kwa nia njema. Mstari uliohama nusu sentimita ni mbaya kuliko mstari uliofutika, kwa kuwa uliofutika tutaujua na uliohama tutauamini. Kuhusu stara, njoo na kanga yako. Unaweza kujifunika hadi dakika ya mwisho, na una haki ya kuomba mhudumu wa kike. Wakati wa kupigwa mionzi utabaki peke yako chumbani.

Yapo mambo madogo ya nyumbani ambayo hakuna mtu atakayekuambia ila fundi wa mezani. Kama utatibiwa na eneo la juu ya mtulinga, amua mtindo wa nywele kabla ya siku ya kupangwa na ubaki nao. Mgonjwa aliyepangwa akiwa amenyolewa, akaja wiki ya pili amesuka rasta nene zilizofungwa kisogoni, kichwa chake kimeinuka sentimita mbili, shingo imekunjika, na mpango hauendani naye tena. Kilemba nacho hivyo hivyo. Titi likivimba, au maji yaliyojikusanya mahali pa upasuaji yakiongezeka au kukauka, au ukipungua uzito sana, tuambie, kwani umbo likibadilika huenda ukahitaji kupangwa upya.

Nimeliacha bega mwisho kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote. Wiki tano baada ya kuondolewa tezi, mkono usiofika usawa wa sikio ni jambo tunaloliona mara kwa mara. Jitazame kwenye kioo ukiwa umeinua mkono: ukiona au kuhisi nyuzi ngumu kama kamba zinazovuta kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, hiyo ni hali inayojulikana baada ya upasuaji wa kwapa, haina uhusiano na kurudi kwa saratani, na mtaalamu wa fiziotherapia anaijua dawa yake, ambayo ni kuzinyoosha taratibu. Nenda kwake wiki hii. Hospitali za mikoa na rufaa nyingi zina kitengo hicho. Mazoezi yenyewe si ya kishujaa: simama ukiutazama ukuta, tembeza vidole juu yake mpaka pale unapohisi mvuto bila maumivu makali, weka alama ya kalamu, na kesho jaribu kuivuka kidogo. Kitandani, shika kiganja cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia na uvipeleke vyote viwili nyuma ya kichwa, ubaki hapo kwa muda wa dakika chache, kwa maana ndio mkao utakaotakiwa. Hatuhitaji mkono ulionyooka juu ya kichwa. Kiwiko kilichokunjwa, mkono ukiwa umeegemea egemeo, hutosha mradi kwapa limefunguka. Siku ya kupangwa na siku za matibabu, kama daktari wako hana kipingamizi, meza dawa ya maumivu nusu saa hadi saa moja kabla, na kama ulimeza siku ya kupangwa, endelea kumeza siku zote, ili bega la kila siku lifanane na lile la siku ya kwanza.

Ukifika siku hiyo na mkono bado haujakubali, usipande mezani kimya. Waambie: “Mkono wangu unaishia hapa.” Wanaweza kubadili egemeo, kushusha pembe ya ubao, kuinua mikono yote miwili ili mwili usipinde upande mmoja, au kumwomba daktari aisogeze siku ya kupangwa kwa wiki moja ili fiziotherapia ifanye kazi yake. Kusogeza huko ni uamuzi wa daktari, kwa kuwa mionzi nayo haipaswi kuchelewa sana baada ya upasuaji, hivyo usingoje hadi asubuhi ya safari. Piga simu hospitalini sasa, waeleze mkono unafika wapi, na uwaulize kama wangependa uje na barua ya mtaalamu wa fiziotherapia.